Akwariamu ya maji ya chumvi ukiwa Dar: pesa iende kwenye joto, umeme na kusubiri

Kila mgeni akiingia sebuleni akaona tenki anasema kitu kilekile, "aah we uko Dar bwana, bahari hiyo hapo, unajaza maji unatia samaki umemaliza." Na mi nawaelewa, maana ukisoma maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, hela yao inaishia kwenye chumvi ya pakiti na hita kwa sababu bahari iko mbali na nyumba ina baridi. Sisi chumvi tunayo bure na joto tunalo la kumwaga. Ndo hapo watu wa pwani tunapopotea, kilicho ghali kwao kwetu ni bure basi tunaona kazi imeisha, alafu tunaingia kwenye vitu ambavyo wao hata hawaviandiki: maji yanachemka mchana, umeme unakatika usiku, na hakuna anayetaka kukaa wiki kadhaa anaangalia tenki lisilo na samaki.

Nianze na tenki lenyewe nipite haraka. Langu lina urefu sm 75, upana 40 na kimo 40, yaani lita 120 likijaa mpaka ukingoni, ukitoa mawe na ile nafasi ya juu unabaki na kama lita 100 za maji. Watu wanaoanza wanapenda kale kadogo ka lita 30 ka mezani, wanasema mi najifunza tu, nitaanza na kadogo. Kwenye maji ya chumvi kadogo ndo kagumu. Lita moja ikikauka kwenye lita 30 chumvi imepanda ghafla, samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe hujamwona sumu ya uchafu, amonia, inaruka kabla hujaamka, wakati kwenye lita 100 unapata muda wa kugundua na kurekebisha. Fundi vioo Kariakoo alitaka kuweka kioo cha mm 6, nikang'ang'ania mm 8 na vipande vya kushikilia juu, na silikoni ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni ina sumu. Ikae wiki ikauke, alafu lijaze maji ya bomba ukiwa bado nje barazani uone kama linavuja. Stendi usichomelee chuma kama unaweza kupata mbao nzito, chumvi inatambaa, utaikuta imekauka nyeupe kwenye waya, kwenye kona za kioo, kwenye skrubu, na chuma chochote kinaoza kuanzia pale rangi ilipochubuka. Na waya zote zishuke chini kwanza alafu ndo zipande kwenye soketi, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni lisiingie kwenye umeme. Hili usilichukulie poa.

Sasa maji. Mi sichoti Coco wala Ocean Road, na we usichote. Mto Msimbazi unaingia baharini pale Selander na umeshapita katikati ya jiji umebeba kila kitu cha jiji, mvua ikinyesha utaona mwenyewe rangi ya maji inavyokuwa. Mi navuka Kigamboni naipita Mjimwema naenda mbele kwenye bahari ya wazi. Huko nilimkuta mzee anashona nyavu chini ya mivinje, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akayaangalia madumu yangu akacheka. Nikamwambia ni ya kufugia samaki. Akasema, "Sasa mwanangu, samaki unawachotea maji yanayokupwa? Hayo yanarudi na taka zote za ufukweni. Ngoja yajae. Na leo bamvua, mchanga wote uko juu, ungesubiri maji mafu." Nikakaa naye mpaka yalipojaa tukapiga story, na tangu hapo ndo ratiba yangu: naangalia mwezi, nachota maji yakiwa yamejaa, siku za maji mafu, na kama ni masika sichoti kabisa karibu na pwani kwa sababu maji ya mvua yanapunguza chumvi na yanaleta uchafu wa mitaroni. Wakati wa kaskazi bahari imetulia ndo najaza akiba.

Madumu ni yale ya lita 20 yaliyobeba maji tu, lile lililowahi kubeba mafuta ya kula au sabuni hata uoshe vipi povu litarudi. Nikifika nachuja na kitambaa nimekikunja mara mbili, natia kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, naliacha gizani wiki mbili hivi. Vile vidudu vidogo visivyoonekana vinakufa vinazama, unakuta utando wa kahawia chini, yale ya juu ndo nayatumia na ya chini namwaga, na kabla ya kutia kwenye tenki nayapulizia hewa usiku mzima. Alafu napima chumvi. Unachotafuta ni gramu 35 hivi kwa kila lita, au kwa kipimo kingine, cha uzito wa maji ya chumvi ukilinganisha na yasiyo na chumvi, 1.025 mpaka 1.026. Nunua refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi kwa mwanga, achana na kale ka plastiki kenye mshale unaoelea, kapovu kakikaa kwenye mshale kanakudanganya. Na refraktomita yenyewe uiseti kwa maji maalumu ya kupimia ya gramu 35, ukiiseti kwa maji matupu yasiyo na chumvi inaweza ikawa sawa kwenye sifuri alafu ikapotea kule juu unakopahitaji.

Kitu kinachowachanganya wengi sana ni kuongezea maji. Maji yakipungua mtu anachukua dumu la bahari anaongeza. Kumbe kinachokauka ni maji peke yake, chumvi yote imebaki ndani, ukiongeza ya bahari unaongeza chumvi juu ya chumvi. Unaongeza maji matupu, na ya bahari unatumia pale tu unapotoa maji machafu na kuweka mapya. Mi nimechora mstari kwa makapeni kwenye kioo upande wa nyuma, kila asubuhi narudisha maji mpaka pale.

Na hayo maji matupu Dar yanatoka wapi? Visima vingi vina chumvi yake na madini yake, ya bomba yana klorini na huwezi jua leo yameletwa na nini. Kila mtu atakushauri yale yanayodondoka kwenye AC, eti ni masafi kama ya mvua. Usithubutu, kwenye AC kuna mabomba ya shaba, na shaba hata kidogo sana inaua kamba na konokono, na ikishaingia kwenye mawe kuitoa ni shughuli. Mi nanunua maji ya kunywa ya jagi, ila nilinunua kwanza kale kadude ka kupima TDS, yaani madini na chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, nikawa nazunguka nacho madukani, wauzaji wananiangalia kama nimetumwa na serikali. Kuna majagi yanasoma chini ya 10, kuna mengine yanapita 100 kwa sababu wameyarudishia madini ili yawe matamu mdomoni. Unachukua yale ya chini.

Mawe ndo filta yako kubwa, kuliko mashine yoyote utakayouziwa, kwa sababu bakteria wanaokula uchafu wanakaa kwenye vile vitundu. Sasa kuna mtu atakwambia nenda Mbudya au Bongoyo mawe hai, yenye viumbe tayari, yamejaa unajichukulia tu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, hutoi kitu pale hata kombe, na matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Ila sisi tuna bahati moja watu hawaioni kwa sababu wanaipita kila siku. Huko Tegeta, Wazo, Boko, ardhi yenyewe ni matumbawe ya kale, ndo yanayochimbwa kutengenezea saruji, na mawe yale yale watu wanajengea misingi na ukuta. Nilimfuata muuza mawe wa ujenzi nikamwomba nichague kwenye lundo lake, akaniuliza unajenga nini cha mawe kumi, nikamwambia nyumba ya samaki, akanipa kwa bei ya soda. Nilichagua yenye matundu mengi na mepesi, maana mengine yamejaa ndani ni mazito kama zege. Ukimwagia siki yakatoa povu ujue ni chokaa kweli. Ukilitazama kwa karibu utaona kabisa nyota ndogondogo za mdudu wa tumbawe aliyekuwa anaishi humo enzi hizo, bado zimepangana. Nilisugua na brashi, nikaloweka kwenye maji ya kawaida nikibadilisha kila siku chache mpaka yakaacha kutoa vumbi, nikayakausha juani. Hayana bakteria hayo, wala hayana wadudu wabaya, unaanza na ukurasa mtupu. Ukijenga uache mapango na njia za maji kupita, na jiwe la chini likae kwenye kioo chenyewe, lisikae juu ya mchanga, samaki anayechimba asije akaliangusha likavunja kioo.

Mchanga mi sikuweka kabisa mwanzoni, na wa ufukweni sichukui, pwani yetu inaliwa vya kutosha.

Haya tuje kwenye joto, hapa ndo penyewe. Bahari yetu yenyewe inacheza kati ya nyuzi 25 mwezi wa nane na karibu 30 mwezi wa tatu, ila kule nje kuna mawimbi na maji mengi, hewa haikosekani. Kwenye tenki la sebuleni lenye pampu na taa, Februari saa tisa mchana maji yanagonga 31, 32 bila hata hita, na maji ya moto yanashika hewa kidogo wakati samaki ndo anahitaji hewa nyingi. Dawa yake wala si AC. Chukua feni ndogo za kompyuta, zile za volti 12, zifunge pembeni zipulize juu ya maji kwa mshazari. Maji yanayokauka yanaondoka na joto, unashuka nyuzi mbili mpaka tatu, siku za unyevu mwingi inashuka pungufu ya hapo lakini inashuka. Gharama yake ni kwamba unakausha lita moja mpaka mbili kwa siku, ndo maana nikasisitiza ule mstari wa makapeni. Mfuniko wa kioo lazima uutoe, na ukiutoa samaki wanaruka, kwa hiyo nimetengeneza fremu nimeiwamba wavu wa plastiki wa madirisha ya mbu, usiwe ule wa chuma. Na taa nimehamisha ratiba: inawaka saa kumi na moja jioni inazima saa sita usiku. Samaki hawajali jua la nje liko wapi mradi wawe na mchana wao na usiku wao, joto la taa haliongezeki juu ya joto la adhuhuri, na mi ndo muda niko nyumbani nawaona.

Umeme. Ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa hewa, uchafu unasubiri. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ndo kitu cha kwanza kununua, kabla ya taa nzuri, kabla ya chochote cha mapambo, na zile zinazojiwasha zenyewe umeme ukikatika zipo. Kama huna, chukua jagi la plastiki, chota maji mwaga kutoka juu kidogo yapige kelele, fanya hivyo dakika kadhaa kila baada ya muda, utachoka lakini watapona. Wanaotumia filta ile ya kopo lililofungwa wawe makini zaidi, umeme ukikatika masaa mengi bakteria wa ndani ya kopo wanakosa hewa wanakufa na maji yanaoza mle mle, umeme ukirudi ukaiacha ijiwashe inamwaga sumu yote kwenye tenki. Jirani yangu mmoja alikosa samaki wote kwa staili hiyo, tena baada ya umeme kurudi, yeye alikuwa anashangilia. Ndo maana kwangu hakuna kopo, nina mawe, pampu mbili za kusukuma maji na sponji.

Alafu kuna kusubiri. Maji yako safi, mawe yamependeza, na bado hutii samaki. Samaki anatoa amonia anapokunya na anapopumua, amonia ni sumu, na kwenye maji ya bahari inakuwa kali zaidi kwa sababu pH, kipimo cha uchachu wa maji, iko juu, 8.1 mpaka 8.4. Bakteria wa kwanza wanaigeuza kuwa nitriti, wa pili wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia. Hao bakteria lazima wazaliane kwanza, na lazima wapate chakula. Mi nilinunua kamba mmoja mbichi pale soko la samaki Feri nikamfunga kwenye soksi nyepesi nikamning'iniza ndani. Nyumba ilinuka kidogo, nikaambiwa maneno, lakini kwa vipimo unaona kabisa amonia inapanda, inafika juu, inaanza kushuka huku nitriti inapanda, alafu nayo inashuka. Kawaida ni wiki nne mpaka sita, joto letu linasaidia kidogo, na kama una rafiki mwenye tenki la zamani lenye afya mwombe kipande cha sponji yake, kinakata muda. Amonia sifuri, nitriti sifuri, na ukitia amonia kidogo ikaisha ndani ya siku moja, hapo ndo tayari. Katikati ya hapo mawe yanageuka kahawia kama yamemwagiwa chai, usipanik, ni vijimea vya mwanzo, vinaondoka vyenyewe na konokono wachache wanamalizia.

Samaki wa kwanza nilitia wawili tu, wale wanaokaa kwenye anemoni, kiumbe wa baharini mwenye minyiri anayefanana na ua. Wenye rangi ya machungwa na mistari mitatu ambao watoto wote wanawajua kwa jina la katuni si wa huku, wale asili yao ni upande wa Indonesia na Australia huko. Wa kwetu wapo, kuna Amphiprion akallopisos, rangi ya pichi na mstari mmoja mweupe mgongoni kuanzia mdomoni, na kuna Amphiprion allardi mweusi mweusi mwenye mapezi ya njano. Nilichukua akallopisos, mpole kuliko wengi wa jamii yake. Wote wanazaliwa madume, anayekuwa mkubwa anageuka jike, kwa hiyo nunua mmoja mkubwa na mmoja mdogo wakamalizane wenyewe kwa wenyewe, utaona yule mdogo anatetemeka pembeni ya mkubwa, ile ni heshima, si ugonjwa. Anemoni hawaihitaji ndani ya nyumba, na anemoni inataka taa kali na tenki lililokomaa, iache.

Muuzaji muulize amemkamata wapi na kwa kifaa gani, na leseni yake iko wapi, anayekamata kwa nyavu atakujibu vizuri tu. Mwombe amlishe mbele yako. Samaki asiyekula dukani hatakula kwako. Na kuna wale wazuri mno utakaosukumiwa. Yule wa bluu ya anga mwenye pezi la njano mgongoni, jamii ya kangaja, anapatikana sana bahari yetu na anauzwa akiwa mdogo, lakini anataka tenki refu mara mbili ya langu na zaidi, na ugonjwa wa madoa meupe kama chumvi unampata yeye kabla ya wote. Wale weusi wenye doa jeupe wanakuwa wakorofi wanamiliki tenki zima. Jongoo bahari akiudhika au akifa anatoa sumu inayoweza kuua wenzake. Samaki bunju nao usiwachukue, watakula konokono wako wote. Konokono wale wenye umbo la koni usiwaguse hata baharini, wanachoma na sumu yao imeshaua watu.

Kila anayeingia anapitia kwanza beseni la pembeni, lita 40, lina sponji iliyokaa na bakteria na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Mfuko wake unauelea dakika ishirini hivi joto lilingane, alafu unamdondoshea maji ya kwako kwa kale kampira ka hewa taratibu kama saa nzima, na maji ya mfuko hayaingii kwangu, yanamwagwa. Anakaa humo wiki kadhaa. Akitoka madoa meupe kama chembe za chumvi dawa ya shaba inatumika humo humo kwenye beseni, kwenye tenki kubwa haiingii hata tone.

Sasa hivi nina wale wawili, mmoja mwembamba wa kuchungulia kwenye tundu la jiwe anayekula vijimea vya kwenye mawe, kamba msafishaji mmoja mwenye mgongo mwekundu na mstari mweupe, na konokono. Lita 100 zimetosha hapo, watu wakiniuliza mbona tupu nawaambia rudi usiku taa ikiwa inawaka. Kila wiki mbili natoa lita 15 naweka 15 za pipani.

Chakula nakitengeneza mwenyewe, kamba wa Feri nawamenya, nawakatakata wadogo sana, nawasuuza mpaka maji yatoke masafi, nawatandaza kwenye mfuko wagande kwenye friza wawe kama karatasi, kila siku namega kipande cha ukucha. Uduvi wa kukaushwa wa sokoni sitii, una mchanga na chumvi usiyoijua. Nikisafiri naachia dada wa nyumbani, na hapa ndo nimekuwa mkali: namfungia vipakti vidogo vya foili, kila kimoja kimeandikwa siku, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kwa sababu yeye ana huruma, samaki wakimfuata kwenye kioo anaona wana njaa. Pakti zikiisha zimeisha, friza la chakula kingine nalifunga na funguo naondoka nayo.